Viza ya Australia bila kwenda Nairobi

SWALI: Niko Mwanza, nataka kumtembelea dada yangu Perth. Nasikia Australia haina ubalozi Tanzania. Nipande basi hadi Nairobi?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kweli ubalozi wao wa Nairobi ndio unaoihudumia Tanzania, ila maombi ya viza ya matembezi, daraja la 600, hujazwa kwenye intaneti kupitia ImmiAccount. Hutabandikiwa stika, viza huunganishwa na namba ya pasipoti, hivyo ukibadili pasipoti wajulishe. Kinachowasumbua wengi ni nyaraka: barua ya mwajiri iliyoandikwa kwa Kiswahili, hata iwe na mihuri mitatu, lazima itafsiriwe kwa Kiingereza. Wakihitaji alama za vidole, watakuandikia. Tiketi usikate kabla ya kujibiwa.