SOMO: Ziwa likifungwa miezi mitatu, nyumba itakula nini?

Lengo: Kila memba aelewe kwa nini ziwa linapumzishwa, na koperative ianze kujitayarisha mapema.

1. Tuanze na kitu tunachojua

Wandugu wavuvi na wamama wauzaji, kila mwezi, mbalamwezi ikijaa, mitumbwi ya taa inabaki pwani. Ndagala hawafuati tena taa, juu maji yote iko na mwangaza. Watu wanashona nyavu, wanangoja giza irudi. Basi kupumzika si jambo jipya kwetu. Lakini juma moja inatosha kwa kushona nyavu. Haitoshi kwa samaki mtoto kukomaa.

2. Watoto wa samaki wanakomalia wapi?

Ndagala haishi sana, karibu mwaka mmoja tu. Watoto wake wengi wanakuja karibu na pwani kabla ya kurudi katikati ya ziwa. Watoto wa sangala nao wanajificha katika majani ya kando. Ndiyo maana nyavu za kukokota mpaka pwani na chandarua za mbu zinaharibu sana: zinachota wale ambao hawajazaa hata mara moja. Tena mukeke anakula ndagala. Ndagala wakipunguka, mukeke naye anakosa chakula.

3. Sangala anatufundisha nini?

Miaka ya 1950, mashua makubwa yenye nyavu za kuzungusha yalianza kuvua upande huu wa kaskazini. Baada ya miaka michache tu, sangala wakubwa walipunguka sana. Wakabaki zaidi mukeke na ndagala. Samaki mkubwa anachukua miaka kabla ya kuzaa; akiisha, harudi haraka.

4. Mapatano ya nchi nne

Samaki haombi jeton pa Kavimvira. Leo yuko Uvira, kesho Bujumbura. Kongo peke yake ikifunga, jirani anavua. Kwa hiyo Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zinafanya kazi pamoja katika Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye ofisi kubwa Bujumbura. Mwaka 2021 zilipatana juu ya uvuvi, na mwaka 2024 ulifuata mpango wa kufunga toka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane. Ni wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unachanganya maji na kupandisha chakula toka chini. Watoto wa samaki wanakipata wakiachwa wakomae.

5. Hesabu ya nyumba

Tuseme kweli: tumbo halifungwi pamoja na ziwa. Mtu mwenye njaa ataingia majini usiku, hata kama sheria inakataza. Kwa hiyo akiba ndiyo inalinda samaki.

Tuchukue mfano. Nyumba inatumia franka 10 000 kwa siku. Siku 92 za kufunga ni franka 920 000. Nusu itoke kwa akiba: 460 000. Ukianza mwezi wa kumi na moja, kuna majuma 28 mbele ya kufunga. Toa majuma 7 ya mbalamwezi, yanabaki 21 ya kazi. Weka franka 22 000 kila juma ndani ya likelemba ao MUSO yenu, utafika.

Nusu ingine itoke wapi?
- Bustani ya mboga penye maji, ao shamba la mihogo la kushirikiana na jamaa.
- Wamama wakaushe ndagala juu ya vitanda vya waya, si juu ya mchanga. Ndagala safi na kavu inalala muda mrefu, na bei inapanda wakati ziwa limefungwa.
- Kutengeneza mitumbwi na nyavu za wengine.

Angalisho: asianze mtu kuweka akiba mwezi wa nne. Itakuwa amechelewa.

6. Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Pwani yetu, ni wapi watoto wa samaki wanaonekana wengi? Nani anavua pale, na anatumia nyavu gani?
2. Mubebaji na mama mwenye kununua ndagala kwa deni hawana mtumbwi. Akiba yao itapangwa namna gani?
3. Mwenzetu akivua wakati wa kufunga, komite itaongea naye nini kwanza? Na kama nyumba yake haina chakula?

Andikeni majibu katika kitabu cha koperative. Mkutano ujao, kila kikundi kilete hesabu yake.