Uchovu Ambao Usingizi Hauuondoi

JUMATANO

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Mungu alimtendea Elia mambo gani kabla ya kumwuliza swali lolote?

Elia alikuwa ametoka Karmeli, ambako moto ulishuka mbele ya Israeli. Muda mfupi baadaye tunamkuta jangwani chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Aliporudi mara ya pili alikiri kwamba safari iliyo mbele ilizidi nguvu za nabii. Swali la Mungu lilikuja baadaye, huko Horebu.

Katika madarasa yetu wapo ndugu wanaougua saratani. Wengine husafiri mbali kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, na kukaa huko majuma kadhaa wakipata mionzi. Wakirudi nyumbani, hatuwaoni tena kwenye maombi ya Jumatano, na siku ya Sabato huchelewa au hukosa kabisa. Ndipo maneno huanza: "Dada yule amepoa kiroho."

Lakini uchovu wa saratani si kama ule wa mtu aliyetoka shambani. Mkulima akilala usiku mmoja, asubuhi huamka na nguvu. Mgonjwa wa saratani aweza kulala saa nyingi na bado akashindwa kubeba ndoo ya maji. Ugonjwa wenyewe huleta uchovu huo. Tiba nayo huuongeza, na vivyo hivyo upungufu wa damu, maumivu na kukosa hamu ya kula. Kwa wengine huendelea miezi mingi baada ya matibabu kumalizika.

Uchovu huu hutembea pamoja na wenzake wawili, yaani huzuni na kukosa usingizi. Maumivu, hofu na baadhi ya dawa hufukuza usingizi usiku. Mgonjwa hulala mchana kutwa ili kufidia, na usiku unaofuata huwa mgumu zaidi. Moyo nao huzidi kuinama.

Soma Zaburi 6:6, 7 na Ayubu 7:3, 4. Watu hawa wa Mungu walisema nini juu ya usiku wao?

Daudi na Ayubu hawakuficha machozi yao wala kugaagaa kwao kitandani. Wengi wetu tumemfundisha mgonjwa kuficha. Tunamwambia, "Usilie, una imani," naye hujifunza kujibu kwamba hajambo. Hata mbele ya daktari hunyamaza, akidhani kusema "nimechoka" ni kunung'unika. Hasara yake ni kubwa, kwa sababu mengi ya mambo haya hutibika. Damu ikipungua, hutibiwa. Maumivu yana dawa. Matembezi mafupi kila siku, kadiri daktari anavyoruhusu, husaidia kupunguza uchovu kuliko kulala kutwa. Usingizi wa mchana ukiwa mfupi, ule wa usiku huwa na nafasi. Huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi, mgonjwa amweleze daktari. Akisema anatamani kufa, kama Elia, asiachwe peke yake, na msaada wa hospitali utafutwe siku hiyo hiyo.

Haya yote hayachukui nafasi ya maombi. Malaika aliyebeba mkate alitumwa na Mungu yule yule aliyesema na Elia huko Horebu. Basi tunapomtembelea mgonjwa, tuombe kwa ufupi, tusikae muda mrefu, na tusimlazimishe kusimulia. Tumpikie. Tufue nguo. Tumsindikize kliniki, na kama anaogopa kusema, tumsaidie kumweleza daktari kuhusu usiku wake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini twaona ni rahisi kumhimiza mgonjwa awe na imani kuliko kumpelekea chakula?

2. Elia aliomba afe, lakini Mungu hakumwacha. Jambo hili lasema nini kwa mgonjwa anayeona aibu kwa sababu ya huzuni yake?

3. Ni nani katika darasa letu ambaye jina lake limeitwa Sabato kadhaa bila kuitika? Kabla ya kuagana leo, kubalianeni ni nani atakayekwenda kwake juma hili, na atabeba nini mkononi.