Kabla Hujatishwa na Hataza ya Dawa

Mtu akikuambia "dawa hiyo ina hataza, usiiguse," usibishane na usitii papo hapo. Muulize: hataza ipi, na ya nchi gani? Wengi hukwama hapo. Dawa moja inaweza kuwa na hataza nyingi, kila moja na tarehe yake, nchi zake na udhaifu wake. Kama unaagiza dawa, unaandaa zabuni ya hospitali au unaandika habari za bei ya matibabu, kazi yako ni kuzitenganisha.

Tuchukue dawa halisi: bedakwilini, ya kifua kikuu sugu, inayouzwa na Johnson & Johnson kwa jina la Sirturo.

Anzia MedsPaL. Ni hifadhidata ya bure ya Medicines Patent Pool. Unaandika jina la dawa, unachagua nchi, na inakuonyesha hataza zinazojulikana na hali yake. Tumia jina la jeneriki, usitumie jina la biashara. Kisha nakili namba za hataza, maana ndizo utakazotafuta nazo hati zenyewe kwenye Espacenet, PATENTSCOPE au Google Patents. Ukijaribu kutafuta hati moja kwa moja kwa jina la dawa unaweza kuikosa kabisa, kwa sababu maombi mengi huandikwa molekuli ikiwa bado haijapewa jina.

Tazama herufi za namba. Namba inayoanza na WO ni maombi ya kimataifa tu. Hakuna hataza ya dunia nzima, hata kampuni iwe kubwa kiasi gani. Katika ofisi nyingi, A mwishoni ni maombi yaliyochapishwa, na B ni hataza iliyokwisha kutolewa. Watu hutishiwa kwa A kila siku.

Sasa ruka kurasa zote za maelezo, nenda kwenye madai. Hapo ndipo vigingi vya kiwanja vilipo. Maelezo yanaweza kusifu ugunduzi kwa kurasa mia, lakini kinacholindwa ni kile tu kilichodaiwa.

Soma kwanza madai yanayojitegemea. Dai linalosema "kwa mujibu wa dai la 1" ni tegemezi, nalo huwa jembamba kuliko lile linaloliegemea. Kama bidhaa yako iko nje ya dai la 1, iko nje ya yote yanayolitegemea.

Vunja dai vipandevipande. Andika kila sharti kwenye mstari wake, kisha linganisha na bidhaa yako. Kwa kawaida ili uwe umeingilia, lazima masharti yote yawepo kwako. Ndiyo maana dai fupi ni pana na la kuogopwa, na dai refu lenye asilimia, nyuzi joto na ukubwa wa chembe ni finyu. Angalia pia kama dai linasema dawa ina viambato hivyo, au ina viambato hivyo tu. Katika hali ya kwanza, kuongeza kiambato chako hakukuokoi. Na mahakama za baadhi ya nchi hukamata hata kitu kinachokaribia sana kile kilichodaiwa, kwa hiyo usijenge biashara yako juu ya tofauti ya unywele.

Ukishajua dai linashika nini, pima nguvu yake. Hataza ya molekuli ndiyo ngumu kuliko zote: dawa haiwezi kuwepo bila molekuli yake. Zinafuata za chumvi, za umbo la fuwele, za vidonge vya mchanganyiko, za matumizi na za namna ya kutengeneza. Hizi mara nyingi zina njia ya kupita pembeni. Ukiwa na njia nyingine ya kutengeneza dawa ileile, hataza ya mchakato haikuhusu.

Hapa bedakwilini inafundisha vizuri. Maombi ya molekuli yaliwasilishwa Julai 2003, na India ulinzi wake uliisha Julai 2023. Kampuni ilikuwa na maombi mengine, ya chumvi ya fumarati, ambayo yangesogeza ulinzi hadi 2027. Wanawake wawili waliopona kifua kikuu, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, waliweka pingamizi. Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikayakataa maombi hayo.

India ina kifungu cha 3(d): umbo jipya la kitu kinachojulikana halipati hataza mpaka lionyeshe ufanisi zaidi. Ni kifungu hichohicho kilichoiangusha Novartis kuhusu Glivec kwenye Mahakama ya Juu, Aprili 2013. Nchi zisizo na kifungu kama hicho zinaweza kuipa chumvi hiyohiyo hataza bila shida. Kwa hiyo ukiona hataza ya pili au ya tatu ya dawa ya zamani, tafuta ilivyofanywa India na Ulaya. Kama ilikataliwa au ilipunguzwa huko, hoja za kuipinga tayari zimeshaandikwa. Zichukue.

Na daftari la hataza halisemi yote. Septemba 2023 Johnson & Johnson ilitangaza kwamba haitazitumia hataza za bedakwilini zilizobaki katika nchi 134 za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo tafuta pia ahadi za kampuni na leseni, na usome orodha ya nchi mpaka mwisho.

Hesabu tarehe mwenyewe. Ni miaka 20 tangu maombi kuwasilishwa, si tangu hataza kutolewa wala dawa kuingia sokoni. Marekani na Ulaya zinaweza kuongeza hadi miaka 5, lakini nyongeza hiyo ni ya huko. Usiilete Dar es Salaam. Kisha uliza kama ada ya kila mwaka imelipwa. Hataza isiyolipiwa hufa mapema, na hakuna atakayekupigia simu kukuambia.

Kwa Afrika Mashariki kuna mtego: watu hutafuta KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, au BRELA, ya Tanzania, hawaoni kitu, wanashangilia. Tafuta pia ARIPO, shirika la kanda la mali ya ubunifu lililoko Harare. Maombi yaliyopitia huko yanaweza kutaja Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda kwa pamoja.

Jua pia nafuu ya nchi yako. Chini ya WTO, nchi zenye maendeleo duni hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Lakini nafuu hiyo lazima iwe imeingia kwenye sheria ya nchi. Soma sheria, usitegemee tangazo la WTO huko Geneva.

Kenya haimo, ila sheria yake ya mali ya viwandani ya 2001 inaruhusu kuagiza dawa iliyokwisha kuuzwa kihalali kwingine. Na ukitishiwa kwamba jeneriki ni bidhaa bandia, ikumbuke hukumu ya Mahakama Kuu ya Kenya ya Aprili 2012. Ilisema kuitumia sheria ya bidhaa bandia ya 2008 dhidi ya jeneriki kunakiuka haki ya uhai na afya.

Mwisho, chora jedwali la ukurasa mmoja: namba, nchi, dai kuu kwa maneno yako, tarehe ya kuisha, hali ya ada, pingamizi kokote. Mpelekee wakili wa hataza kabla hujalipia shehena, na umwombe jibu la maandishi kwa kila mstari.