MTO KUJA NA MZIGO WAUCHUKUAO

Watu wengi wautazamapo mto huona maji tu. Lakini mto huchukua vitu viwili: maji, na mashapo, yaani udongo, mchanga na changarawe zilizoondolewa na mvua juu ya nchi. Abadilishaye kimoja hubadilisha na cha pili, na mara nyingi apataye hasara ni mtu mwingine, akaaye mbali upande wa chini.

Ili kulifahamu jambo hili, tia konzi moja ya udongo wa shamba katika chupa ya maji, uitikise kwa nguvu, kisha uiweke mezani. Mchanga huanguka chini mara moja. Tope laini hukawia sana, na huenda maji yakabaki na rangi hata kesho yake. Mto nao ni vivyo hivyo. Maji yaendayo kasi huinua mchanga na kuvingirisha mawe. Kasi ikipungua, huweka chini vilivyo vizito kwanza, na vyepesi baadaye.

Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha, hutoka katika milima ya Kisii na Nyamira, hushuka katika nchi ya Migori, huungana na Mto Migori, na huingia Ziwa Victoria huko Nyatike. Milimani watu ni wengi na mashamba ni madogo, nayo hulimwa hata penye mteremko mkali. Mvua ya masika ikianguka juu ya ardhi iliyotifuliwa karibuni, isiyo na majani wala matuta, udongo wa juu wenye rutuba huteremka mtoni. Maji mekundu yapitayo Migori mwezi wa Aprili ni shamba la mtu.

Njiani mto hukutana na ukuta wa Gogo. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1950 ili kuipatia umeme migodi ya Macalder, na nguvu ya mitambo yake ilikuwa megawati 2. Migodi ilifungwa katika miaka ya 1960, lakini mitambo iliendelea kufanya kazi. Maji yafikapo bwawani hutulia, na mambo huwa kama yale ya chupa: mchanga hubaki pale mto uingiapo, tope laini hufika karibu na ukuta. Mwaka baada ya mwaka nafasi ya maji ikawa nafasi ya udongo. Bwawa lililojaa hivyo haliwezi kuweka akiba ya masika kwa ajili ya kiangazi. Mitambo hutegemea maji yajayo siku ile ile, nao mchanga husugua vyuma vyake. Ukuta ukiinuliwa nafasi huongezeka, ila hesabu ya kujaa huanza upya, maana mashamba ya juu ni yale yale.

Bwawa kubwa huleta taabu nyingine. Maji hutoka yakiwa safi, hayana mzigo, na kwa kuwa bado yana nguvu, huchimba sakafu na kingo za mto hata yapate mzigo mpya. Huko Misri, tangu bwawa kuu la Aswan limalizike mwaka 1970, tope la kutoka milima ya Ethiopia halifiki tena mashambani, na pwani ya delta huliwa na bahari. Gogo ni bwawa dogo mno kulinganishwa na hilo. Likisha kujaa, tope hupita juu ya ukuta na kwenda kutua katika tambarare ya Nyatike. Sakafu ya mto huinuka, na mafuriko huingia majumbani.

Katika Homa Bay mito ni Awach Kibuon na Awach Tende, ambayo hulisha mifereji ya kilimo ya Kimira na Oluch. Mfereji ukiingiza tope hauna budi kuzibuliwa kwa majembe, kazi isiyopendwa na mtu. Tena mchanga wa mito huchotwa kwa malori kwa ajili ya ujenzi. Shimo likiachwa mtoni, mto hulijaza kwa mchanga wa mahali pengine, na kingo zilizo jirani huporomoka, pengine pamoja na miti na mihogo ya mtu asiyeuza hata lori moja.

Dawa iliyo rahisi iko kule juu: kulima kwa kukingama mteremko, kuacha ukanda wa miti kando ya mto, na kupanda matete ya mifugo kwenye kingo za matuta. Matete hayo hushika udongo, nayo hukatwa yakalishwa ng'ombe wakati wa kiangazi.