Samaki Hajafa, Lakini Je, Ana Sumu Mwilini?



Tukizungumza na wakulima juu ya madawa ya kunyunyizia mboga, neno moja hurudi kila mara: "Dawa hii haina shida, pampu tunaosha hapo mtoni na samaki hawafi." Leo tulichambue neno hilo, kwa sababu samaki huyo asiyekufa ndiye anayefika kwenye sufuria.

Iko sumu inayoua papo hapo. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu wavuvi wengine walikuwa wakimwaga dawa za mashamba majini wapate samaki kwa urahisi. Hasara hiyo kila mtu aliiona. Lakini iko nyingine inayoingia mwilini polepole, ikakaa na kuongezeka, na samaki anaogelea kama kawaida. Huko ndiko kujilimbikiza.

Inakuwaje? Chukua pipa lenye tundu chini, ulifungulie bomba juu. Tundu likiwa kubwa, maji hayapandi. Tundu likiwa dogo, maji yanapanda, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyosukuma zaidi kule tunduni, mpaka yanayotoka yawe sawa na yanayoingia. Hapo yanasimama. Mwili wa samaki ni hivyo hivyo. Kemikali inaingia kupitia mashavu anayopumulia na kupitia chakula, kisha mwili unajaribu kuitoa. DDT na jamii yake hazishikani na maji, zinashikana na mafuta. Zikishaingia kwenye mafuta ya samaki, kutoka ni kazi kweli.

Mfano unaojulikana sana ni wa ziwa liitwalo Clear Lake, huko California, Marekani. Watu walisumbuliwa na wadudu wadogo kama mbu, basi ziwa likawekwa dawa ya DDD, ndugu ya DDT, mwaka 1949, tena 1954 na 1957. Walipima kwa uangalifu. Kipimo cha mara ya pili kilikuwa gramu moja tu katika lita 50,000 za maji, yaani mapipa makubwa 250! Nani angeogopa hiyo? Lakini ndege wanaokula samaki wakaanza kufa. Vijidudu vinavyoelea majini vilipopimwa vilikuwa na dawa mara 250 kuliko ile iliyowekwa majini, na katika mafuta ya ndege hao ilikuwa mara 80,000. Na maji yenyewe? Yalipopimwa muda mfupi baada ya dawa ya mwisho, hayakuonyesha kitu. Dawa ilikuwa imehamia ndani ya viumbe.

Kwa hiyo kupima maji peke yake hakutoshi. Ni lazima samaki apimwe, na wataalamu wana utaratibu wake. Unaotumika nchi nyingi ni mwongozo namba 305 wa shirika la OECD. Hebu tuufuate, maana si uchawi.

Wanachukua samaki wa aina moja na umri mmoja. Trauti, kama wale wa mito ya Mlima Kenya, ni mmojawapo anayetumiwa. Wanawagawa katika matenki matatu. La kwanza lina kemikali kidogo sana, la pili limezidi kidogo, lakini yote mawili chini kabisa ya kiwango cha kuua. La tatu ni maji safi, la kulinganishia. Maji hayaachwi yakatulia, yanapita mchana na usiku. Kwa nini? Kwa sababu katika maji yaliyotuama samaki wangeinyonya kemikali ikapungua, na hesabu ingeharibika.

Kwa kawaida hukaa humo siku 28. Kila baada ya siku kadhaa wanatolewa angalau samaki wanne kwa kila tenki, wanapimwa kemikali na pia mafuta ya mwili, kwa maana samaki mnono na aliyekonda hawawezi kulinganishwa hivi hivi. Kisha inakuja sehemu ambayo mimi naiona ndiyo muhimu zaidi: waliobaki wanahamishiwa maji safi, na kupima kunaendelea. Kemikali ikitoka haraka, tundu la pipa ni kubwa. Isipotoka, tuna shida.

Mwishowe ni kugawanya. Kama kilo moja ya samaki ina miligramu 20 na lita moja ya maji ina miligramu 0.01, jibu ni 2,000. Kwa sheria ya Ulaya, kemikali ikipita 2,000 inahesabiwa kuwa inajilimbikiza, na ikipita 5,000 inajilimbikiza mno. Zile zisizoyeyuka vizuri katika maji huchanganywa na chakula cha samaki. Njia hiyo iliingizwa katika mwongozo mwaka 2012.

Marehemu Papa Fransisko alilitaja jambo hili katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aya ya 21: kwamba kemikali za viwandani na mashambani zinaweza kujilimbikiza katika miili ya watu hata pale ambapo kipimo chake ni kidogo. Sisi Kenya DDT ilikatazwa mashambani mwaka 1986, lakini kemikali ya namna hiyo hukaa kwenye matope miaka mingi. Na kwa ndugu zetu wanaochimba dhahabu Migori: zebaki nayo hujilimbikiza, ila yenyewe hushika nyama, si mafuta. Kumtoa samaki mafuta hakuiondoi.

Kikundi hakiwezi kufanya kipimo cha matenki, lakini kinaweza kuomba samaki wa mto wake wapimwe. Zungumzeni kwanza na afisa wa uvuvi wa kaunti. Mkipeleka, chukueni samaki wa aina moja na ukubwa unaolingana, wengine juu ya mashamba na wengine chini yake, siku moja. Wafungwe kwa foili, wawekwe kwenye barafu, kila mmoja na karatasi ya mahali na tarehe. Msipeleke samaki mmoja. Mmoja hathibitishi kitu. Na wakati mnangoja majibu, akina mama wasiache kuwapa watoto samaki kwa sababu ya uvumi tu. Omena bado ni chakula bora.

Kwa majadiliano katika Jumuiya: Pampu za kijiji chetu zinaoshwa wapi, na maji hayo yanaishia wapi? Ni nani anayevua chini ya hapo?