Maombi Ndani ya Magofu

JUMATANO

Soma kwa ajili ya somo la leo: Nehemia 1:1–7, Zaburi 137, Luka 23:33, 34, Yohana 20:24–28, Warumi 3:23.

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa Coventry, Uingereza, mji wenye viwanda vingi vya magari na vipuri vya ndege. Mabomu yaliendelea kuanguka mpaka karibu na alfajiri, na watu zaidi ya 500 wakapoteza maisha. Katikati ya mji palikuwa na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, jengo la mawe lililosimama tangu Zama za Kati. Mkuu wa kanisa hilo, Richard Howard, alikuwa zamu ya ulinzi usiku ule pamoja na wenzake watatu. Mabomu ya moto yalipotua juu ya paa waliyafukia kwa mchanga. Yakaja mengine, na mengine tena, mpaka wakashindwa. Kulipokucha paa lote lilikuwa limeporomokea ndani. Zilibaki kuta za nje, na mnara mrefu uliokuwa umesimama vile vile.

Ukienda Coventry leo utazikuta kuta hizo hizo, hazina paa, na mvua ikinyesha inanyesha ndani. Ukutani, nyuma ya madhabahu, yamechongwa maneno mawili tu: “Baba, samehe.”

Linganisha maneno hayo na ombi la Yesu katika Luka 23:34. Yesu alisema nini pale msalabani ambacho hakimo ukutani?

Kwa Kiswahili tofauti yaonekana ndogo sana: ni ile “wa” iliyo katikati ya “uwasamehe.” Lakini iliachwa makusudi. Howard hakutaka ukuta ule useme kwamba wenye dhambi wako ng’ambo ya bahari, na upande huu wamo watakatifu watupu. Bwana wetu aliweza kuwaombea wengine msamaha bila kujitaja, kwa kuwa hakuwa na dhambi ya kuungama. Sisi hatuna nafasi hiyo. Warumi 3:23 inatukuta sote, aliyepigwa na aliyepiga.

Tusidhani kwamba jambo hilo lilikuwa jepesi. Siku ya Krismasi mwaka ule ule, wiki sita hivi baada ya moto, Howard alizungumza kwa redio kutoka katika magofu. Alisema kwamba ingawa ni vigumu, wanajitahidi kuondoa mawazo ya kisasi, na kwamba vita vikiisha watataka kujenga ulimwengu wenye upole zaidi. Waliomsikiliza walikuwa wamezika ndugu zao katika kaburi la pamoja mwezi mmoja tu uliopita. Bila shaka wako waliotamani kusikia maneno mengine.

Biblia inawajua watu hao. Zaburi ya 137 iliimbwa na waliouona mji wao ukiteketea, na mafungu yake ya mwisho yanatutia baridi mwilini. Hata hivyo hayakufutwa. Anayemlilia Mungu kwa uchungu wa namna hiyo analia mahali panapofaa, wala si kazi yetu kumharakisha. Kuna desturi mbaya ya kumwambia mfiwa “samehe tu, yaishe” kabla hata matanga hayajaondolewa.

Nehemia naye aliletewa habari za ukuta uliobomolewa na malango yaliyoteketezwa kwa moto. Soma Nehemia 1:4–7. Anaungama dhambi za nani?

Babeli haitajwi hata mara moja katika maombi hayo, ingawa kila Myahudi alijua ni nani aliyewasha moto. Nehemia alikuwa bado hajazaliwa Yerusalemu ilipoanguka, lakini anajihesabu pamoja na wakosaji, yeye na nyumba ya baba yake.

Mwezi Februari 1945 ndege za Uingereza na Marekani ziliuchoma mji wa Dresden, Ujerumani. Walikufa watu wapatao 25,000. Sasa jiulize: mtu wa Dresden angeusomaje ukuta wa Coventry kama ungeandikwa “uwasamehe”? Kwa sababu haukuandikwa hivyo, aliweza kusimama mbele yake na kuomba. Vijana wa Kijerumani walikuja Coventry kufanya kazi ya ujenzi katika magofu, na mwaka 1965 vijana kutoka Uingereza walikwenda Dresden kusaidia kujenga upya hospitali iliyobomolewa na mabomu. Misumari ya kale iliyookotwa katika mabaki ya paa ilikuwa imeunganishwa kuwa msalaba. Misalaba ya namna hiyo ilipelekwa Kiel, Dresden na Berlin.

Wangeweza pia kuyabomoa magofu na kujenga juu yake. Lakini mchoraji wa ramani, Basil Spence, aliyeshinda shindano la kubuni kanisa jipya, aliona kwamba yaachwe. Kanisa jipya lilijengwa ubavuni mwake na kuwekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962. Upande unaoelekea magofu lina ukuta mkubwa wa kioo, hivi kwamba mwenye kutoka ibadani huona mbele yake kile kilichoungua.

Soma Yohana 20:24–28. Kwa nini mwili wa Yesu uliofufuliwa ulikuwa bado na alama za misumari?

Nguvu iliyomtoa kaburini ingeweza kuzifuta. Zilibaki, na Tomaso alizihitaji. Lakini angalia kile kinachotangulia katika fungu la 26: kabla ya kuonyesha jeraha lolote, Yesu anawasalimu kwa amani, watu wale wale waliomkimbia bustanini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Fikiria ugomvi unaoujua, wa ukoo, wa shamba au wa kanisa. Mnapouombea, mwasema “uwasamehe” au “utusamehe”? Ni nini kingebadilika kama neno hilo lingebadilika?

2. Mshiriki mmoja wa darasa anasema: “Mimi niliumizwa na mtu ambaye sikumkosea kwa lolote. Mkiiondoa ile ‘wa,’ mnanifanya mimi na yeye kuwa sawa.” Mtamjibuje, mkikumbuka kwamba Zaburi ya 137 nayo imo katika Biblia?