Kuona Kitu Kimoja Kuwa Viwili

Wako watu waonao kitu kimoja kuwa viwili, na jirani zao huwacheka kwamba wamelewa. Wenzangu, pengine huo si ulevi, bali ni ugonjwa.

Mtu huyo na afunike jicho moja, kisha la pili. Kile cha pili kikitoweka kila mara, macho yake hayaelekei mahali pamoja; kisipotoweka, huenda kasoro i katika jicho lililo wazi.

Wa kwanza akifunga jicho moja kwa kitambaa ataweza kufanya kazi. Lakini kupima umbali kutamwia vigumu. Basi akishike kikombe kabla ya kumimina chai, wala asipande baisikeli.

Hali hiyo ikianza ghafula, hasa pamoja na kichwa kuuma sana, kope kulegea au mkono kukosa nguvu, msingoje: mpelekeni hospitali mara moja.